KICHOCHEO KIKIWA KAZINI: JINSI SHABA INAVYOTAZAMWA NDANI YA MAJI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Katika daftari zetu za kemia mna sentensi moja ambayo kila mwanafunzi huikariri, nayo yasema hivi: kichocheo ni kitu kinachobadili mwendo wa badiliko la kikemia, na mwisho wa badiliko hilo chenyewe hubaki kama kilivyokuwa mwanzo. Sentensi hiyo ni ya kweli, na katika mtihani huleta alama. Lakini yafaa tuitazame vizuri. Yatupa habari za mwanzo, yatupa na habari za mwisho. Habari za katikati hazimo.

Je, kichocheo kikiwa kazini huwa katika hali gani? Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi wataalamu walivyopata njia ya kukitazama katikati ya kazi, ndani ya maji, umeme ukipita. Na jinsi walivyogundua kwamba kitu kinachoonekana baada ya kazi chaweza kuwa sicho kilichoifanya kazi. Mfano wangu utakuwa shaba. Nimeichagua kwa sababu mbili: ni madini ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, na majaribio makubwa ya elimu hii yamefanywa kwa shaba.

1. Shaba tunayoijua

Mtu akisimama ufukweni Kibirizi siku isiyo na ukungu huiona milima ya Kongo upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Mbali nyuma ya milima hiyo, upande wa kusini, iko Katanga, nchi ya shaba. Watu wa huko waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ya shaba ilitumika kama fedha. Katika karne ya 19 Msiri, mtu aliyetoka pande za Unyamwezi, alijenga ufalme wake huko na makao yake yakawa Bunkeya. Biashara ya shaba na pembe za ndovu ilimpa nguvu mpaka alipouawa mwaka 1891. Kisha ikaja kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba kwa wingi. Reli ya kati nayo ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo bandari yetu imekuwa mlango mmoja wa mizigo ya Kongo.

Jambo moja litawafurahisha wapenzi wa lugha. Kuanzia mwaka 1971 mpaka 1997 jimbo la Katanga lilibadilishwa jina likaitwa Shaba, neno letu hili hili la Kiswahili. Leo jina la Katanga limerudi, na Kongo ni miongoni mwa nchi zinazochimba shaba nyingi kabisa duniani.

Hapa Mwanga shaba twaiona kila siku. Iko ndani ya nyaya za nyumba, ndani ya mota za mashine za kusaga, na wanunuzi wa chuma chakavu huilipia zaidi kuliko bati au chuma. Kazi yake tunayoijua sote ni kupitisha umeme. Lakini ina kazi nyingine isiyojulikana na wengi, nayo ni kuchochea.

2. Kazi ya kuchochea

Neno lenyewe latufundisha. Kuchochea ni kuzisukuma kuni motoni ili moto uwake zaidi. Mama anayechochea moto hageuki majivu. Kuni ndizo zinazogeuka. Hali kadhalika kichocheo cha kemia. Tukitia unga mweusi wa dioksidi ya manganizi katika peroksidi ya hidrojeni, mapovu ya oksijeni hutoka mara moja kwa nguvu. Yakiisha, tukiuchuja ule unga, tukaukausha na kuupima katika mizani, twaona kwamba uzito wake haukupungua. Aliyelipa jambo hili jina lake la kitaalamu alikuwa Berzelius, mtu wa Sweden, mwaka 1835.

Viko vichocheo vingine ambavyo hufanya kazi umeme unapopita. Hivyo hukaa juu ya elektrodi, ndani ya maji yenye chumvi fulani. Mwaka 1985 Yoshio Hori na wenzake, wa Japani, walitangaza jambo la ajabu. Walichukua kaboni dioksidi, ambayo magazeti huiita hewa ukaa, wakaiyeyusha katika maji, wakapitisha umeme kwa elektrodi za metali mbalimbali. Dhahabu na fedha huigeuza hewa hiyo kuwa monoksidi ya kaboni tu. Chuma hutoa zaidi hidrojeni ya maji yenyewe. Lakini shaba ilitoa methani, ambayo ni gesi ya kuwasha. Na baadaye ikajulikana kwamba hutoa pia ethilini na ethanoli, yaani ile spiriti ya maabara. Miongoni mwa metali safi, shaba ndiyo pekee yenye uwezo wa kufanya kazi hii kwa kiasi cha maana.

Msomaji atauliza, faida yake nini? Ethilini ndiyo inayotengenezewa plastiki ya madumu na ndoo zetu. Leo hutolewa katika mafuta na gesi za ardhini. Kama hewa ukaa itokayo viwandani ingeweza kugeuzwa ethilini kwa umeme wa jua au wa maporomoko ya maji, basi kitu kinachoharibu hali ya hewa ya dunia kingekuwa mali. Hapana shaka kwamba hilo ni jambo kubwa. Kizuizi ni shaba yenyewe. Hutoa vitu vingi kwa pamoja, vikiwa vimechanganyika, na baada ya muda huchoka, kazi yake ikaharibika. Ili kuirekebisha, kwanza yatupasa kujua iko katika hali gani inapofanya kazi. Hapo ndipo taabu ya kutazama inapoanza.

3. Taabu ya kutazama

Hadubini ya maabara yetu hutumia mwanga. Kwa hiyo twaweza kuona chembe hai za ngozi ya kitunguu, lakini hatuwezi kuona kitu kilicho kidogo mno kuliko wimbi la mwanga, ambalo urefu wake ni kati ya nanomita 400 na 700. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Vichocheo ninavyovisema hutengenezwa kwa chembe zenye upana wa nanomita 7 hivi; yaani zingepangwa mstari mmoja zaidi ya 140,000 ndipo zitimize milimita moja. Mwanga hauwezi kutuonyesha vitu hivyo.

Mwaka 1931, mjini Berlin, Max Knoll na Ernst Ruska walitengeneza hadubini isiyotumia mwanga bali elektroni. Wimbi la elektroni ni fupi mno, na leo hadubini za namna hiyo huonyesha hata safu za atomu. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1986. Lakini ndani ya hadubini ya elektroni sharti pawe na ombwe, yaani pasiwe na hewa hata kidogo, maana elektroni zikigongana na hewa hutawanyika. Maji yakiwekwa katika ombwe huchemka na kutoweka mara moja, hata bila moto.

Basi kwa miaka mingi wataalamu walifanya hivi: walikitazama kichocheo kikavu kabla ya kazi, wakakitoa kufanya kazi katika maji, wakakikausha tena, wakakitazama baada ya kazi. Katikati walikisia.

Sisi watu wa ziwani twaweza kuielewa hali hiyo upesi. Jioni mitumbwi hutoka Kibirizi na Katonga ikiwa mitupu, na alfajiri hurudi na dagaa. Aliyebaki nchi kavu ajua ilivyotoka na ilivyorudi. Nyavu zilitupwa wapi, mara ngapi, na upepo ulivuma saa ngapi, hayo hayajui. Na mtu aliyemjua dagaa kwa kumwona mchangani tu, amekaushwa kwa jua, hawezi kueleza jinsi anavyokwenda makundi makundi majini.

4. Chumba kidogo cha maji

Mwaka 2003 Frances Ross na wenzake, katika maabara ya kampuni ya IBM jimboni New York, walitangaza njia nzuri. Walichukua vipande viwili vya silikoni, kila kimoja kikiwa na dirisha dogo la nitridi ya silikoni. Madirisha ya namna hii ni membamba sana: unene wake ni makumi ya nanomita, au mia moja hivi, ilhali karatasi ya daftari ina unene wa nanomita kama 100,000. Kati ya vipande hivyo viwili walitia maji ya dawa, wakaziba kandokando yasitoke. Ikawa kama tone la maji lililobanwa kati ya vioo viwili. Nje ni ombwe, ndani ni maji. Elektroni hupenya dirisha la kwanza, hupita majini, hutoka dirisha la pili, na kuleta picha. Kisha walitia na elektrodi ndani ya chumba hicho, wakapitisha umeme.

Je, walitia dawa gani? Salfeti ya shaba, yaani mrututu! Jaribio lao lilikuwa ndugu wa jaribio letu la elektrolisisi, lile la maji ya buluu, ambalo kathodi hutoka imevaa koti jekundu la shaba. Sisi hupima kathodi kabla na baada, tukaandika tofauti ya uzito. Wao walipiga picha kama za sinema, wakaona punje za shaba zikizaliwa moja moja juu ya elektrodi, zikikua, na kuungana. Kwa mara ya kwanza katikati ya jaribio hilo palionekana kwa ukubwa wa namna ile.

5. Waliyoyaona wataalamu katika shaba inayochochea

Miaka 20 baadaye, mwaka 2023, Yao Yang, Peidong Yang na wenzao wa vyuo vikuu vya Berkeley na Cornell, Marekani, walitangaza uchunguzi wao katika jarida la Nature. Safari hii shaba haikuwa ikizaliwa. Ilikuwa ikichochea badiliko la hewa ukaa.

Walianza na chembe za shaba za nanomita 7, ambazo juu yake zina oksidi, kama shaba yoyote iliyokaa hewani. Umeme ulipopita, oksidi ilitoweka. Chembe hazikubaki kama zilivyotengenezwa: ziligeuka zikawa punje ndogo sana za shaba tupu, zilizobanana bila mpango, kama punje za mahindi zilizomiminwa guniani. Mahali punje mbili zinapokutana safu za atomu hazilingani, na atomu zilizo hapo zina jirani wachache kuliko kawaida. Atomu kama hizo hushika vitu vingine upesi, na hapo ndipo kaboni hushikwa na kuunganishwa na kaboni nyingine.

Sasa tazama ajabu yenyewe. Umeme ulipokatwa na hewa ikaingia, zile punje hazikubaki punje. Ziligeuka zikawa vijisanduku vya oksidi ya shaba, vyenye pembe nzuri za mraba. Mtu ambaye angekuja baada ya kazi na hadubini ya kawaida angevikuta vijisanduku hivyo, naye angeandika kwa moyo mweupe kwamba oksidi yenye umbo la mraba ndiyo kichocheo. Angekuwa ameona kweli, lakini amesema lisilo kweli. Vijisanduku havikufanya kazi. Vilizaliwa kazi ilipokwisha.

Walilinganisha pia ukubwa wa chembe. Zile za nanomita 7 ziligeuka zote kuwa punje zenye kufanya kazi. Katika zile za nanomita 18, theluthi moja tu iligeuka. Na kundi la nanomita 7 lilikuwa bora mara 6 katika kuelekeza kazi kwenye vitu vyenye kaboni mbili au zaidi, kama ethilini. Kwa hiyo kutazama katikati hakukuwa kwa kuridhisha macho tu. Kulionyesha kwa nini kichocheo kimoja kinakishinda kingine.

Mwaka 2024 kundi la Haimei Zheng, la maabara ya taifa iliyoko Berkeley, liliongeza jambo jingine. Kwa chumba chenye kuta za utando wa plastiki mwembamba sana, waliona kwamba shaba inapofanya kazi, mahali inapogusana na maji hutokea tabaka lisilo na safu za atomu, linalobadilika-badilika karibu kama kimiminika. Umeme ukikatwa, sehemu kubwa ya tabaka hilo hurudi kuwa shaba yenye safu. Hapo tena, anayechelewa kutazama haoni kitu.

6. Taa na dagaa

Yatupasa sasa kusema na upande wa pili, maana njia hii ina hatari yake. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Taa haimulikii dagaa tu, inamwita. Mtu akihesabu dagaa chini ya taa asidhani kwamba kila mahali ziwani wamejaa hivyo.

Elektroni za hadubini ni kama taa hiyo. Zikipita majini huvunja molekuli za maji, zikatokea hidrojeni, peroksidi ya hidrojeni na vipande vingine vyenye ukali. Vitu hivyo vyaweza kuila shaba au kuiotesha hata kama umeme wa elektrodi haupiti. Mtazamaji asiye mwangalifu ataandika kazi ya taa yake akidhani ni kazi ya kichocheo.

Kwa hiyo wachunguzi hodari hufanya mambo manne. Kwanza, hupunguza elektroni mpaka kiasi kidogo kinachotosha kuleta picha. Pili, humulika chumba bila kupitisha umeme, waone kama kuna kinachobadilika. Tatu, baada ya kazi hulinganisha mahali palipomulikwa na mahali pasipomulikwa. Nne, hufanya jaribio lile lile katika chombo cha kawaida na kulipima kwa njia nyingine, kama vile miali ya eksirei, na majibu yakipatana ndipo huamini. Wale wa mwaka 2023 walitumia eksirei pamoja na hadubini.

7. Yanayotuhusu sisi

Wazazi wetu waweza kusema, hayo ni mambo ya Marekani na Japani, sisi yatufaa nini? Najibu hivi. Katanga imetoa shaba tangu wakati wa misalaba ile mpaka leo. Lakini majaribio niliyoyataja yote yalifanywa ng'ambo ya bahari. Anayechimba hulipwa bei ya tani. Anayejua jinsi tani ile inavyofanya kazi ndiye atakayeuza mtambo. Elimu ya vichocheo haitakuja kwetu ndani ya behewa, na hakuna aliyezuiwa kuianza akiwa shuleni.

Hata bila hadubini ya elektroni twaweza kujizoeza tabia yake. Tukifanya elektrolisisi ya mrututu, tusipime kathodi mara mbili tu. Tuitoe kila baada ya dakika tano, tuioshe kwa maji, tuikaushe taratibu bila kuisugua, tuipime, tuitazame kwa kioo cha kukuzia, tuandike rangi na sura ya koti lake, kisha tuirudishe. Tupitishe umeme ule ule kila safari. Tukichora grafu ya uzito na muda tutajua kama shaba ilivaa kwa mwendo mmoja au la. Jambo ambalo vipimo viwili haviwezi kutuambia. Na tusisahau taa yetu wenyewe: kule kutoa na kuosha nako kwaweza kubadili jaribio. Kwa hiyo tuweke kathodi ya pili katika chombo kingine kama kile, isitolewe mpaka mwisho, tupate kulinganisha. Kazi hii ifanywe mbele ya mwalimu, maana mrututu ni sumu; usiguse mdomo wala macho, na mikono ioshwe.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini maji hayawezi kuwekwa wazi ndani ya hadubini ya elektroni?

(b) Mchunguzi amekuta vijisanduku vya oksidi ya shaba juu ya elektrodi iliyokwisha kufanya kazi na kutolewa hewani. Je, ana haki ya kusema kwamba ndivyo vilivyochochea? Toa sababu.

(c) Karatasi ya daftari ina unene wa nanomita 100,000. Madirisha mangapi yenye unene wa nanomita 50 yakipangwa pamoja yatatimiza unene huo?

(d) Eleza tofauti kati ya kubaki na uzito ule ule na kubaki na umbo lile lile. Ile sentensi ya daftari kuhusu kichocheo yathibitishwa kwa mizani. Je, ni lipi kati ya hayo mawili ambalo mizani haiwezi kulithibitisha?

(e) Jadilini darasani: katika majaribio yetu ya mwaka huu, ni lipi ambalo tuliandika mwanzo na mwisho wake tu, na katikati yake twaweza kupatazama namna gani?